Tuta au Mfuo

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa masijala katika hospitali kubwa ya mji wetu, na kwa muda huo wote ni watu wachache sana waliomwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Kazini aliitwa Bwana Mizizi. Jina hilo lilimletea usumbufu mdogo usiokwisha, kwa sababu wagonjwa waliolisikia likiitwa kwenye korido walidhani anauza dawa. Mara kwa mara mtu aliinama kwenye dirisha la masijala na kunong'ona, "Mzee, nimeambiwa una mizizi ya mgongo."

Naye alijibu bila kucheka, "Ninayo ya maneno tu, ndugu yangu. Ya mgongo, mlango namba sita."

Aliishia darasa la saba, kisha akajifunza kupiga chapa. Kazi yake hospitalini ilikuwa kupokea mafaili kutoka wodini, kuyapanga kwa namba, na kunakili katika daftari kubwa la jalada jeusi jina la ugonjwa kama daktari alivyoliandika. Majina hayo yalikuwa ya Kiingereza, na mwanzoni aliyanakili kama mtu anayenakili nakshi za mlango, bila kujua chochote. Alipowauliza madaktari maana ya neno, walimjibu kwa neno jingine la Kiingereza lililo gumu zaidi. Akaanza kuitumia kamusi iliyokuwa juu ya kabati la masijala. Humo aliona kwamba nyuma ya maneno mengi, ndani ya mabano, palikuwa na herufi moja, L, kisha neno geni la herufi zilizoinama.

Hivyo ndivyo tulivyojuana. Siku moja alikuja katika ofisi ya walimu wa shule niliyokuwa nikifundisha, akavua kofia, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, samahani. L ni nani?"

Nilimweleza kwamba L ni Kilatini, lugha ya kale ambayo haina tena mama anayembembelezea mtoto, lakini ambayo Kiingereza kilichota kwake maneno mengi, hasa ya tiba na sheria. Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa nyumbani kwa ndugu aliyepotea. Nilikuwa na kamusi ya Kilatini niliyoitunza tangu nikiwa chuoni, na nikamruhusu kuja nyumbani kwangu kuitazama wakati wowote. Alikuja kwa miaka ishirini na sita.

Alikuwa na utaratibu wake. Alichukua kadi za miadi zilizokwisha muda, zile zenye upande mmoja mtupu, na juu ya kila kadi aliandika mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa neno la Kiingereza. Wa pili ulikuwa neno la Kilatini, ambalo yeye aliliita mama. Wa tatu aliuita kazi ya zamani, yaani kile ambacho neno lilikuwa likifanya kabla ya kuajiriwa hospitalini. Kwa neno la Kiingereza la msuli, "muscle", aliandika: kipanya. Wazee wa kale waliutazama mkono ukikunjwa, wakaona kitu kinapita chini ya ngozi kama panya mdogo chini ya shuka. Kwa neno la chanjo, "vaccine", aliandika: ng'ombe, kwa sababu chanjo ya kwanza ilitokana na ndui ya ng'ombe. Wauguzi walizijua kadi hizo, nao hawakuacha kumtania.

"Bwana Mizizi, leo umetukamatia mnyama gani?"

"Leo hakuna mnyama. Nimepata yatima."

Yatima ni maneno ambayo hayakufika kwenye Kilatini. Hakuyatupa, aliyawekea sanduku lao, na nadhani aliyahurumia kidogo.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja. Hakumwambia mtu yeyote maana ya neno kabla ya kufika kwenye mzizi wake. Ukimuuliza, alisema, "Bado sijafika kwa mama yake," na alikuwa tayari kukuacha na kiu hiyo wiki nzima. Nilimsifu kwa kanuni hiyo. Nilikuwa mwalimu, na kanuni za namna hiyo hutupendeza sana sisi walimu.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Nusu ya watoto niliowafundisha walivaa kaptula na sketi zilizotoka mikononi mwake, na nilizitambua kwa upindo mpana alioacha ili nguo iongezwe mtoto anapokua. Yeye alimwita mumewe Karani. Walipoonana mara ya kwanza mwanamume huyo alikuwa amempelekea suruali ya kazi ipunguzwe kiuno. Mshonaji akaandika kwenye kikaratasi cha nguo "Karani, kiuno inchi mbili," na jina likabaki. Jioni, mumewe alipokuwa amezama katika kadi zake, alisimamisha cherehani na kusema, "Karani, umezungumza na marehemu mchana kutwa. Sasa zungumza na mimi."

Alikuwa mcheshi, lakini alibeba hofu moja. Dada yake mkubwa alishikwa na wazimu akiwa bado kijana, akakaa miaka tisa katika chumba cha nyuma chenye komeo upande wa nje, na akafia humo. Mshonaji ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Alipoolewa, alimtaka mumewe amwapie jambo moja: kwamba likimfika lile lililompata dada yake, amwambie ukweli mapema, angali anaweza kuuelewa, na asimfiche kama dada yake alivyofichwa. Karani aliapa. Aliniambia jambo hili mwenyewe, na ninalitaja hapa kwa sababu bila hilo hamtaelewa alichokifanya.

Mshonaji aliugua akiwa na miaka sitini na moja. Ilianza kama kikohozi, ikawa homa ya mapafu, na siku ya tatu wakamlaza wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka dirishani. Siku ya nne alianza kuvuta uzi usiokuwepo kutoka kwenye shuka. Siku ya tano hakumjua mumewe. Alimtazama kwa makini, akamwambia kwa heshima zote:

"Fundi, umekuja? Bomba la jikoni bado linavuja. Nilimwambia Karani akuite tangu mwezi wa pili."

"Nitalitengeneza," mumewe akasema.

"Usiseme nitalitengeneza. Wote mnasema hivyo. Umekuja na spana?"

Bomba lilikuwa linavuja kweli. Alikuwa ameahidi kulishughulikia, akaahirisha, na sasa alilipia ahadi hiyo kwa kuitwa fundi mara thelathini kwa siku na mwanamke aliyekaa naye miaka ishirini na tisa. Aliniambia baadaye kwamba alijaribu kuucheka mkasa huo na kicheko kikamkataa.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, msusi mwenye saluni yake mtaa wa tatu kutoka hospitali. Alifunga saluni akakaa na mama yake. Asubuhi ya siku ya sita daktari alipita na msururu wake wa wanafunzi, akaandika katika faili, akaliacha miguuni pa kitanda. Binti alilifungua. Alimwonyesha baba yake neno moja.

"Baba, hili ni nini? Ndiyo wazimu? Ndiyo ile ya mama mkubwa?"

Neno lilikuwa "delirium". Karani alikuwa amelinakili katika daftari jeusi mara nyingi sana, lakini hakuwahi kulitengenezea kadi. Kamusi ya masijala ilikuwa imepoteza kurasa za mwanzo wa herufi D. Makarani waliomtangulia walizikunja na kuzitia chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. Kila mara alipokutana na neno hilo alijisemea kwamba siku moja atalitafuta kwangu.

Alimkimbilia daktari kwenye korido. Daktari alimjibu huku akitembea, "Ni kuchanganyikiwa tu, mzee wangu, kwa sababu ya homa. Hutokea." Jibu hilo lilikuwa sahihi, na mtu mwingine angerudi kitandani nalo. Lakini Karani alikuwa ameyazoea kwa miaka thelathini majibu ambayo madaktari waliyatoa wakiwa wamempa mgongo, na aliona kwamba kuchanganyikiwa ni neno linaloweza kufunika kila kitu, hata chumba chenye komeo. Alikuwa ameapa kumwambia mkewe ukweli. Akataka kuujua kwanza.

"Bado sijafika kwa mama yake," alimwambia binti. "Kaa naye. Naenda kwa Mwalimu, narudi sasa hivi."

Simu yake alimwachia binti, kwa sababu ndugu wa mkewe walikuwa wakipiga kila baada ya muda mfupi kuuliza hali.

Alifika kwangu saa tatu na nusu. Alinitajia neno kabla hajaketi. Niliwasha jiko la chai, nikatoa kamusi mbili, ya Kiingereza na ya Kilatini, tukakaa mezani kama ilivyokuwa desturi yetu, yeye upande wa dirisha. Ya Kiingereza ilituelekeza kwenye kitenzi cha Kilatini. Kitenzi hicho nacho kilikuwa kimeungwa kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza, "de", maana yake ni kutoka, kuacha. Cha pili kilikuwa "lira". Nilifungua ukurasa wake, nikausoma, nikamgeuzia kitabu asome mwenyewe.

Lilikuwa neno la shambani. Lilihusu kulima kwa plau na maksai, na kitenzi kilimaanisha kutoka nje ya mstari uliolimwa.

Karani aliweka kidole juu ya neno lile akakiacha hapo. "Mwalimu," alisema, "maksai akitoka kwenye mstari, mkulima humfanya nini?"

"Humrudisha."

"Humrudisha! Hamfungii chumbani." Alisimama, akakaa tena. "Anarudishwa, Mwalimu. Hajapotea. Ametoka nje ya mstari, anarudishwa. Hili si lile la dada yake."

Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Saa yangu ya ukutani ilikuwa saa nne kamili. Naijua kwa sababu ilipiga. Alitoa kadi mfukoni akaandika mistari miwili ya kwanza kwa mwandiko wake wa masijala. Alipofika wa tatu, mimi nikasema maneno ambayo nimeyakumbuka kila siku tangu wakati ule.

"Subiri kidogo. Tuhakikishe kwanza."

Kwa maana nilikuwa nimeona jambo. Kamusi ya Kilatini ilisema kwamba "lira" ni tuta, ule udongo unaoinuka. Lakini pembeni ya ukurasa, kwa penseli, palikuwa na maandishi yangu mwenyewe ya siku za chuoni, yakisema ni mfuo, ule mtaro unaoachwa na plau. Vitu viwili tofauti. Sikupenda aandike kitu ambacho hatujakithibitisha. Nilimimina chai ya pili. Nilipanda juu ya kiti kushusha daftari langu la chuoni, nikapuliza vumbi, nikatafuta somo lenyewe. Yeye alingoja, kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu wake na hiyo ilikuwa kanuni yetu sote wawili. Tuliona kwamba wakulima wa kale walilitumia neno kwa yote mawili, tuta na mfuo, na kwamba kwa mgonjwa hakuna tofauti yoyote. Aliondoka saa tano kasorobo. Kutoka kwangu hadi hospitali ni mwendo wa robo saa, lakini nilimwona dirishani akienda kwa kasi ya mtu mwenye habari njema.

Alimkuta mkewe akivuta uzi kwenye shuka.

Aliketi, akamshika mkono, akamweleza yote: mstari, plau, maksai, mkulima anayerudisha. Akamwambia kwamba hana ugonjwa wa dada yake, kwamba aliapa kumwambia ukweli na huu ndio ukweli wenyewe. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho.

"Asante, fundi," akasema. "Na bomba?"

Hakutoka tena nje ya homa. Alifariki siku ya nane, alasiri, Karani akiwa upande mmoja na binti upande wa pili.

Wakati wa msiba binti alinivuta kando, nyuma ya nyumba, palipokuwa pameanikwa shuka. Aliniambia jambo akiwa ameshika kamba ya nguo kwa mikono miwili. Asubuhi ile, muda mfupi baada ya saa nne, mama yake alifumbua macho akawa yeye mwenyewe. Alimwita binti kwa jina. Alimwambia nywele zake zimesukwa vibaya na kwamba msusi hapaswi kutembea hivyo. Akauliza, "Karani yuko wapi?"

"Ameenda kwa Mwalimu, mama. Kutafuta neno."

Mama akatabasamu. "Siku zote huyo. Mwambie aache, aje akae na mimi kidogo."

Binti hakuwa na namna ya kumwita. Simu ya baba yake ilikuwa mapajani mwake. Namba yangu ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la baba, nyumbani, na kumwacha mama peke yake hakuthubutu. Mama alingoja. Aliuliza mara mbili tena. Kisha, dakika kumi kabla baba hajaingia na kadi yake, mama akarudia kuvuta uzi.

"Baba nimemwambia hakuamka," binti alisema. "Aliniuliza, 'Nilipokuwa sipo, aliamka?' Nikamwambia hapana, baba, alilala tu, hukukosa kitu. Mwalimu, naomba usimwambie. Itamuua."

Nilimwahidi. Sikumwambia binti kwamba neno lilipatikana saa nne kamili. Kila mmoja wetu alikuwa na lake la kuficha.

Tulichosahau sote wawili ni kazi ya baba yake. Katika masijala ile, faili la marehemu halirudishwi kabatini hivihivi. Karani hulipokea kutoka wodini, hutia namba kila ukurasa kwa kalamu nyekundu ili usipotee hata mmoja, hulifunga kwa utepe mweupe, na kulipeleka chumba cha nyuma. Wenzake walitaka kumfanyia kazi hiyo. Msaidizi wake, mama mmoja mwenye sauti kubwa na moyo laini, alinisimulia kwamba alijaribu kumpokonya faili kwa mzaha: "Bwana Mizizi, wewe nenda kanywe chai, hili niachie mimi, namba najua kuhesabu." Naye akamjibu, "Nimewafanyia wake za watu wote. Nitamwachaje wa kwangu?" Akakaa na kalamu nyekundu.

Alipofika ukurasa wa kumi na saba aliacha kuandika. Ulikuwa ukurasa wa muuguzi wa zamu. Muuguzi alikuwa ameandika kwa Kiingereza cha haraka kwamba kuanzia saa nne na dakika tano hadi saa nne na dakika hamsini mgonjwa alikuwa na fahamu kamili, na katikati ya Kiingereza hicho aliacha neno moja la Kiswahili, pengine akidhani ni jina la mtu: mgonjwa anamuulizia Karani.

Msaidizi alisema Bwana Mizizi aliupitia mstari huo kwa kidole mara mbili. Kisha akaandika namba kumi na saba kwenye pembe ya ukurasa, akaendelea hadi mwisho, akafunga utepe.

Jioni hiyo alikuja kwangu. Hakukaa upande wa dirisha. Alibaki amesimama, kofia mkononi, kama siku ya kwanza.

"Mwalimu, siku ile, saa nne na dakika tano, tulikuwa tunafanya nini?"

Nimewafundisha watoto wa watu kusema kweli kwa miaka thelathini na nane. "Tulikuwa tunaangalia," nilisema, "kama ni tuta au mfuo."

Alitikisa kichwa polepole. "Ilikuwa nini vile?"

"Yote mawili."

"Aa. Yote mawili." Alizungusha kofia mikononi. Nilianza kuomba radhi akanizuia kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyekaa, Mwalimu. Mlango haukuwa na komeo." Kisha akasema, "Binti ameniambia mama yake hakuamka. Amesema hivyo kwa kunionea huruma. Naomba asijue kwamba najua. Mwache anihurumie."

Nikaahidi kwa mara ya pili, safari hii kwa baba, na nikazitunza ahadi zote mbili.

Alistaafu mwaka uliofuata. Bomba la jikoni alilitengeneza mwenyewe, vibaya, kisha akamwita fundi. Alihamia kwa binti, na kila Jumapili, binti alipokuwa akimpangia nywele chache zilizobaki, walimzungumzia mama. Mara nyingine alisema, kana kwamba ni mara ya kwanza, "Afadhali alilala tu siku ile," na binti aliitikia, "Ndiyo, baba, alilala tu." Hakuja tena kutazama kamusi. Alikuja kunywa chai, kikombe kimoja, na nilipoinua birika alifunika kikombe kwa mkono.

Alifariki miezi minne iliyopita. Juma lililopita binti aliniletea sanduku la kadi, akaniomba nimsaidie kulipitia. Tulizikuta zimepangwa kwa alfabeti, mia nane na kumi na mbili, na yatima katika sanduku lao dogo. Nilijua kwamba baada ya herufi C kwisha itakuja kadi ya siku ile, nikahofia alichoandika humo, na ningeweza kuipitisha haraka chini ya nyingine. Sikufanya hivyo. Ahadi zangu zilikuwa za kuwalinda watu wawili, na mmoja alikuwa hahitaji tena ulinzi.

Binti aliisoma mwenyewe. Mstari wa kwanza, neno. Mstari wa pili, mama yake. Mstari wa tatu, palipopaswa kuwa kazi ya zamani, baba yake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu wa masijala: *Saa 4:05 hadi 4:50. Aliniulizia. Sikuwepo.*

"Alijua," binti akasema.

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya tatu baada ya msiba."

Alihesabu kwa vidole, naona Jumapili zile zote zilikuwa zikipita mbele yake. "Na kila mara alikuwa akinifanya nirudie kwamba alilala tu."

"Alipenda kukusikia ukisema."

Alilia kwa muda, nami sikumharakisha. Kisha akafuta mkono kwenye sketi yake, akaipanga kadi sawasawa na nyingine, na kuirudisha mahali pake.

"Soma inayofuata, Mwalimu," alisema. "Taratibu tu. Leo saluni nimefunga."